Mgeni na Mwenyeji Wake

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakueleza mgeni afanyeje mwenyeji asipopona. Swali hilo lilimfika Johann Ludwig Krapf katika nchi ya Wakamba mnamo Agosti 1851.

Wanafunzi wa Kiswahili humjua Krapf kwa sarufi yake ya 1850 na kamusi iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Lakini kwanza alikuwa mgeni, mwenye kuhitaji ruhusa ya kukaa na mahali pa kulala. Kule pwani alikuwa na barua ya Sayyid Said aliyopewa mwaka 1844. Bara, barua hiyo haikuwa na nguvu. Aliposafiri mwaka 1849, akipitia Kikumbulyu ambayo leo imo Makueni, alipokewa Kitui na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Ruhusa na makao vikawa mkononi mwa mtu mmoja.

Mwaka 1851 Krapf alirudi akikusudia kukaa, na kibanda kikaanza kujengwa Yatta. Kisha akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani wanyang'anyi waliwavamia, Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga nyikani peke yake kwa njaa na kiu. Alipofika kwa jamaa za marehemu, walimlaumu: mbona yu hai ilhali mwenyeji wake amekufa? Ilimbidi atoroke usiku.

Leo safari zimegeuka. Binti wa Mwingi au Wote aendaye Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani hasumbuki kutafuta viza wala nyumba. Mwajiri ndiye mdhamini wake: humpatia viza na kibali cha ukaazi, humpa na malazi nyumbani mwake, kwa mkataba ambao aghalabu ni wa miaka miwili. Mfumo huo huitwa kafala. Wepesi wake ndio hatari yake. Binti akidhulumiwa, akatoka, hupoteza malazi papo hapo. Na mwajiri akiripoti kwamba ametoroka, kukaa kwake nchini kwaweza kugeuka kosa. Mageuzi ya Machi 2021, yaliyowalegezea wafanyakazi wengi wa sekta binafsi masharti ya kubadili mwajiri, hayakuwajumuisha wa nyumbani.

Krapf alikuwa na Rabai ya kurudia, na miguu yake ilimfikisha. Kati ya binti huyu na Kitui kuna bahari, na pengine pasipoti yake imefungiwa kabatini mwa mwajiri.

Wazazi wanapoketi na wakala, swali la kwanza huwa ni mshahara. Halina ubaya, kwani ukame wa Ukambani haungoji. Ila lipo jingine linalostahili kutangulia: siku mwenyeji atakapogeuka, mwana wetu atalala wapi, na kwa ruhusa ya nani?