Mgeni na Mizani Yake

Katika gazeti letu hili twasoma mara nyingi habari za mpira, za safari, na za ndugu zetu waliosoma hapa zamani. Mimi leo nataka kuungama kosa. Lilifanyika katika chumba cha kompyuta muhula uliopita, na wengi wenu mwalijua kwa jina la "siku ya betri". Betri haikuwa na hatia.

Kwanza nieleze jinsi chumba kilivyo, ili hata wale waliomaliza masomo kabla ya kompyuta kuingia shuleni wafahamu. Tuna mashine mbili kubwa zenye prosesa za Intel za aina moja, nasi twaziita mapacha. Kwa msaada wa KVM, iliyoingia katika Linux mwaka 2007, kila moja hubeba ndani yake kompyuta kadhaa zisizoshikika kwa mkono, ndizo kompyuta pepe. Kompyuta pepe hudhani ina prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake, kumbe vyote ni vya kuazima. Mafundi huiita mgeni, na ile mashine inayoibeba huiita mwenyeji.

Diski za wageni wote zimo katika sanduku moja linalosomwa na mapacha wote wawili. Kwa hiyo mgeni aweza kuhama toka mashine moja hata nyingine bila kuzimwa: kumbukumbu yake hunakiliwa ng'ambo huku yeye akiendelea na kazi. Nasi twahitaji sana hila hiyo. Mawingu yakishuka toka Rwenzori na umeme ukakatika hapa Kasese, mashine ya kwanza hubaki na betri kuukuu ya dakika chache tu, lakini mashine ya pili, sanduku la diski na skrini za chumba hutumia betri za jua. Mwalimu alituagiza: umeme ukikatika, hamisheni wageni upesi. Tulijaribu mara tatu, tukafaulu mara tatu. Kisha akanipa mimi ufunguo wa chumba.

Sasa niseme habari ya vihesabio. Ndani ya prosesa mna vihesabio vidogo vya kupimia utendaji. Pentium ya mwaka 1993 ilikuwa navyo viwili. Za siku hizi zina zaidi. Huhesabu mapigo ya saa, amri zilizotekelezwa, mara ambazo prosesa ilikosa kitu katika akiba yake ya karibu ikalazimika kukifuata mbali, na mara ilipobahatisha njia ya programu ikapotea. Kwa mtu apendaye kujua kwa nini programu yake ni nzito, vihesabio hivyo ni kama taa gizani.

Mwalimu alikuwa amewaweka wageni wetu bila vihesabio. Mimi nalikuwa na ubishi na mwenzangu mmoja juu ya programu ya kupanga majina kwa alfabeti: yangu na yake, ipi bora? Saa ya ukutani ilisema zalingana. Nami nikataka ushahidi mkubwa zaidi. Jioni moja nikafungua maelezo ya yule mgeni mkubwa, nikaandika kwamba aonyeshwe prosesa yote kama ilivyo, pamoja na vihesabio vyake. Nikapima, nikashinda, nikajisifu bwenini. Sikurudisha mambo yalivyokuwa, wala sikujaribu tena kumhamisha. Tena sikumwambia mtu.

Juma la pili yake, saa kumi alasiri, mvua ikaja na umeme ukakatika. Ndani ya mgeni yule walikuwamo wenzetu sita. Mmoja, wa kidato cha tatu, achapaye kwa kidole kimoja, alikuwa akiandika kurasa za Kiswahili za gazeti hilihili. Nikaagiza mgeni ahame. Kumbukumbu ikanakiliwa, nikaanza kutabasamu. Mara mashine ya pili ikamkataa. Ilisema imeshindwa kuandika katika rejista 0x38f thamani 0x7000000ff. Nikaagiza tena, ikakataa tena. Nikaanza kupiga kelele, "Hifadhini kazi zenu!" Watatu waliwahi. Kisha betri kuukuu ikakata roho, na mgeni akafa nayo. Yule wa kidato cha tatu alipoteza kazi ya saa moja na nusu. Hakulia wala hakunilaumu. Alisema tu, "Betri hizi!" Wote wakasema hivyohivyo, nami nikanyamaza.

Usiku nikaitazama ile namba. Ninyi mnaosoma hesabu za msingi wa pili jaribuni nami. Zile ff mbili za mwisho ni moja nane zilizopangwa mstari, yaani vihesabio vinane vya kazi yoyote. Ile 7 ya mbele ni moja tatu, yaani vihesabio vitatu vyenye kazi maalumu. Mgeni alisema, "Nilikotoka nina vinane." Mashine ya pili ilikuwa na vinne tu. Yawezekanaje kwa mapacha? Katika prosesa nyingi za Intel, kiini kimoja chaweza kuendesha nyuzi mbili za kazi, na kila uzi hupewa vihesabio vinne. Mtindo huo wa nyuzi mbili ukizimwa, uzi uliobaki huchukua vyote vinane. Mashine ya kwanza ilikuja kwetu ikiwa imezimwa hivyo. Bila vihesabio, tofauti hiyo haikumhusu mgeni. Mimi ndimi niliyemtwika mzigo ambao nyumba ya pili haikuweza kuupokea.

Nikajua, lakini sikusema. Siku tatu baadaye tukapewa likizo fupi. Nikapanda gari, tukakata kulia pale Kikorongo, nikafika nyumbani Bwera. Mama yangu huuza maharage Mpondwe, na pengine huvuka daraja la mto Lhubiriha kwenda Kasindi, upande wa Kongo. Asubuhi nilimsaidia kufunga gunia, nikaona ameiacha mizani yake ya chuma mlangoni.

"Mama, umesahau mizani," nikamwambia.

"Sikuisahau, mwanangu. Ng'ambo wana mizani yao. Mimi nawapelekea maharage, siwapelekei ubishi."

Akaenda zake. Nikabaki nimeshika mizani ile, na aibu ikanishika mimi.

Niliporudi shuleni nilikwenda kwa Mwalimu kabla ya kufungua sanduku langu la nguo, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Ungalikuwa peke yako na jawabu hili, ungalilificha mpaka lini?" Sikuwa na la kujibu. Akanituma kwanza kwa wale watatu waliopoteza kazi, kisha kwenye mashine.

Kuzima vihesabio ni kazi ya mstari mmoja: katika maelezo ya mgeni huandikwa kwamba pmu iwe off. Lakini haitoshi mgeni kujiwasha upya mwenyewe kwa ndani; sharti azimwe kabisa, mwenyeji amwanzishe upya. Tulifanya hivyo kwa wageni wote, tukawahamisha mbele ya wanafunzi, nao wakavuka daraja salama.

Zipo sababu nyingine za kuvizima. Mara nyingi mgeni akitaka kukipanga kihesabio, kazi yake husimama na mwenyeji huitwa kuamua, na wito huo una gharama. Tena, tangu Januari 2018, habari za Meltdown na Spectre zilipotangazwa, dunia yajua kwamba siri yaweza kuvuja kwa kupima tu muda wa akiba ya prosesa. Si busara kumpa kila mgeni kipimo kikali zaidi cha kusikilizia ukutani.

Lakini nisiwadanganye kwamba hakuna hasara. Mgeni asiye na vihesabio, ukimwomba mapigo ya saa kwa programu ya perf, hukujibu kwamba hayapatikani. Hata yule mlinzi wa Linux agunduaye prosesa iliyokwama hukosa kihesabio anachotegemea. Kwa hiyo tumemwacha mgeni mmoja mdogo na vihesabio vyake, kwa ajili ya wapendao kupima. Jina lake limeandikwa ubaoni, na chini yake pana maneno haya: "Huyu havuki daraja."

Yule wa kidato cha tatu aliandika kurasa zake upya. Mimi nilimsomea kwa sauti yale aliyokuwa ameandika kwa mkono, naye akachapa kwa kidole chake kimoja, jioni mbili. Kurasa hizo mnazo mikononi mwenu sasa, na mkiziona njema, msifuni yeye. Nami namaliza shule mwaka huu. Ufunguo wa chumba nitamkabidhi atakayenifuata, pamoja na habari hii.