Kutoka Sur na Maalim

Wengi wenu mmeniuliza ile safari yetu ya pikipiki iliishaje, maana picha mlizoziona ziliishia Salalah. Basi naandika ya siku ya mwisho, na ruhusa nimeomba kwa mwenyewe. Alinijibu, "Andika, ila usiniite mzee."

Maalim alinisomesha hesabu skuli, kwetu Unguja. Yeye ndiye pia aliyenipandisha pikipiki kwa mara ya kwanza, Vespa yake, jioni moja pale Maisara, akikimbia nyuma ameshika kiti. Baadaye mimi nilikwenda Uingereza kusomea uhandisi wa ujenzi, yeye akaja Maskati kwa jamaa zake, na tulipokutana tena huku tulikuwa watu wazima sote wawili. Ile miaka kumi na mbili iliyo baina yetu ilikuwa imepungua uzito, lakini haikutoweka. Mpaka leo akiingia barazani nanyanyuka.

Tuliondoka Maskati katikati ya Januari, wakati ambao Oman mtu huweza kuvaa jaketi asichekwe. Tulikwenda kwa njia ya bara, Haima mpaka Salalah, kiasi cha kilomita 1,000 za mchanga na malori, kisha tukarudi kwa pwani: Hasik, Shuwaymiyah, Duqm. Usiku wa sita tulilala Sur. Hilo lilikuwa sharti la Maalim, siku ya mwisho ianzie Sur, kwa sababu babu yake aliondokea hapo kwa jahazi kwenda Unguja, msimu wa kaskazi kama huu. Baada ya sala ya alfajiri tukaenda kulitazama Fath al-Khair, lile jahazi la mwaka 1951 lililowekwa nchi kavu. Alilitazama muda mrefu, akigeuza shingo yote huku na huku kama kuku anayetafuta punje.

Hiyo shingo ndiyo khabari yenyewe. Nilikuwa nimeiona tangu karibu na Duqm, siku mbili nyuma. Ngamia watatu walitokea upande wa kulia, mimi nikafunga breki, yeye akawapita karibu kabisa kama kwamba hawapo. Nilipomuuliza akasema, "Ngamia wa huku wananijua." Tukacheka. Usiku, hotelini, nikaona kichupa cha dawa ya macho ndani ya friji, nyuma ya maji ya kunywa. Sikuuliza. Nilijiambia ni vumbi la safari.

Wakati wa kutoka Sur tuliingia kwenye kipilefti (neno letu hilo, ingawa huku kinaingiwa kwa kulia). Gari lilikuwa linakuja kutoka kushoto, kubwa, jeupe, taa zinawaka. Maalim hakupunguza mwendo hata kidogo. Dereva alikanyaga breki, akapiga honi ndefu, na kati ya gari na goti la Maalim hapakubaki zaidi ya mkono mmoja. Maalim aligeuka akasema watu siku hizi hawana adabu barabarani.

Tukapita Qalhat bila ya kusimama. Tulisimama Tiwi kwa chai ya maziwa, na pale mimi nikaanza kuzungumzia daraja. Kama mnaijua njia hiyo, barabara kuu inapita juu kabisa ya mdomo wa Wadi Shab, juu ya nguzo ndefu. Nilieleza nguzo. Nilieleza kwamba zamani kutoka Quriyat kwenda Sur kwa pwani ilikuwa njia ya changarawe. Nilieleza kimbunga cha Gonu cha Juni 2007, na jinsi maji yanavyokusanyika milimani yakateremka kwa pamoja, na kwa nini daraja lazima lihesabiwe kwa mafuriko ambayo wewe mwenyewe huenda usiyaone maishani. Maalim alinisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa sema ulilotaka kusema."

Nikasema. Naye hakukataa. Ni presha ya macho, alijua tangu mwaka jana. Katikati anaona sawasawa, pembeni ndiko kunakoliwa, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Yale matone yanazuia tu kisizidi. Daktari alimkataza pikipiki. Mkewe hakumwambia. "Nilitaka hii moja," akasema.

Nilikasirika, sifichi. Lakini kazini mimi ni mtu wa kusimamisha saiti nzima kwa sababu fundi mmoja hakufunga mkanda, na hapa nilikuwa nimemfuata kutoka Duqm mpaka Sur, nimekiona kichupa, nimewaona ngamia, na nimenyamaza. Na mimi pia nilitaka hii moja.

"Nipe ufunguo, Maalim."

"Zimebaki kilomita mia na hamsini. Nitakaa nyuma yako."

"Nipe."

"Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Ndiyo, Maalim." Na mkono nimeunyoosha.

Muuza chai akageuka kupangusa gilasi zilizokuwa tayari safi. Maalim aliuweka ufunguo juu ya meza. Mkononi mwangu hakuutia.

Mwanawe alikuja na pikapu kutoka Maskati, karibu saa mbili za kusubiri, na katika muda wote huo hatukusemezana. Tulipokwisha kuifunga pikipiki kwa kamba kijana alimfungulia baba yake mlango wa gari. Maalim aliupita ule mlango, akavaa helmeti yake, akaja kukaa nyuma yangu.

Tulipokwisha kushika mwendo alinigonga bega.

"Kulia kuna nini?"

"Bahari!" nikapiga kelele. "Na mashua mbili!"

"Za wavuvi?"

"Sijui, Maalim, natazama barabara!"

"Haya, tazama barabara."

Baada ya kidogo akagonga bega la kushoto. Nikamwambia milima, na mbuzi juu ya jiwe. Hivyo mpaka Quriyat.

Nyumbani kwake Seeb mkewe alikuwa mlangoni. Aliitazama pikipiki juu ya pikapu akauliza imeharibika nini. "Haikuharibika," Maalim akasema, akamshika mkono wakaingia ndani.

Pikipiki ipo uani kwake, imefunikwa shuka. Ufunguo ninao mimi. Kila Ijumaa nikienda kumwamkia nautia mfukoni, na kila Ijumaa narudi nao.