Fyuzi Haikuwa na Kosa

Likizo ya Agosti iliyopita sikwenda kokote. Nilishinda katika karakana ya Ami huku kwetu Bondeni, nikifagia, nikichoma solda na kutumwa mahamri.

Asubuhi moja, Ami alipokuwa ametoka kwenda Marikiti, makanga aliingia mbio na amplifaya ya matatu kwapani.

"Kijana, imekata fyuzi tu. Nitilie nyingine, abiria wangoja!"

Matatu bila muziki, na Mombasa yetu mwaijua! Nikatafuta fyuzi ya ampea 30, nisiione. Basi mimi, bingwa wa fizikia, nikaunga kipande cha waya mnene wa shaba pahala pa fyuzi na kuiwasha kwa betri ya pale mezani. Pa! Moshi ukafuka. Makanga akanitazama, nami nikatazama sakafu.

Ami aliporudi, waya ulikuwa mfukoni mwangu na ile fyuzi iliyokatika imerudi kwake. Alifungua amplifaya, akanusa.

"Fyuzi ya 30 haikati ikaacha makaa kama haya," alisema, kisha akanyosha mkono. Nikautoa waya. Moyo ulinidunda dududu! Lakini hakunipiga wala kunitukana. Alinisukumia kiti.

"Kaa. Utaitengeneza wewe."

Volti 12 za betri hazitoshi kupiga zile spika kubwa. Kwa hivyo transista za swichi, ziitwazo mosfeti, huukatakata umeme mara maelfu kwa sekunde na kuupeleka kwenye transfoma ya duara. Upande wa pili dayodi huupokea ukiwa na volti nyingi zaidi. Nyaya za pande hizo mbili za transfoma hazigusani. Nguvu huvuka kwa sumaku.

Ami alinipa globu ya breki ya gari, wati 21, tukaiunga kati ya betri na amplifaya. Globu hiyo hairuhusu hata ampea 2 kupita, kwa hivyo hakichomeki kitu tena. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Ikawaka kama jua. Nikang'oa mosfeti mbili zilizoungua, ikazima. Nikashangilia!

"Wacha kelele," akasema Ami. "Hao ni maiti. Muuaji yuko wapi?"

Nikatia mosfeti mpya. Globu ikawaka tena vile vile. Nilichanganyikiwa, kwa maana kila kitu cha upande wa betri nilikipima kikawa kizima.

"Ami, na pande zenyewe hazigusani?"

"Sumaku hubeba mzigo, mwanangu, na balaa pia huibeba. Hebu ng'oa dayodi."

Nikazing'oa. Globu ikafifia, ikabaki wekundu mdogo tu. Nikazipima kwa mita moja moja: ya kwanza yapitisha umeme upande mmoja, kama ipasavyo, ya pili, pande zote mbili. Muuaji huyo! Ndiye aliyeikata fyuzi, na fyuzi ilikuwa imefanya kazi yake barabara kabla sijaiondoa.

Alasiri matatu ilipita ikinguruma muziki, makanga akitupungia mkono.

Zile mosfeti mbili nimezilipa kwa pesa zangu za likizo. Pesa za dayodi Ami alikataa kuzipokea, akisema hiyo ilikufa kabla yangu.