Usukani Si wa Kuegemea

Neno usukani liliifikia baiskeli likitokea baharini. Kabla ya gurudumu la mpira kuonekana katika visiwa hivi, usukani ulikuwa ule ubao wa tezini ukatao maji nyuma ya chombo, na aliyeushika akaitwa msukani. Kilipokuja chombo cha magurudumu mawili, watu wa pwani hawakuhangaika kutafuta jina jipya. Waliona kitu kinachogeuza chombo, wakakipa jina la kitu kinachogeuza chombo. Ndani ya jina hilo mna elimu ambayo wapandaji wengi wa baiskeli wameisahau. Msukani haegemei usukani. Anauongoza tu, naye mwenyewe ameketi au amesimama kwa uzito wake. Siku atakapoufanya gongo la kujitegemeza, chombo kitakwenda mrama.

Nchi kavu mambo yamekwenda kinyume. Aendaye safari ndefu kwa baiskeli huinama mbele, akanyoosha viwiko, akautupa uzito wa kifua na mabega juu ya viganja viwili. Barabara nayo, kwa mashimo na changarawe zake, hupiga kutoka chini. Baada ya mwendo, vidole huanza kutambaa kama vimeingiwa na sisimizi, kisha havihisi kitu. Kiswahili husema mkono umekufa ganzi, na wenye kusema hivyo hawasiti kwa uzito wa neno hilo, kufa. Wengi huukung'uta mkono mara mbili tatu, wakaendelea na safari, wakidhani kwamba huo ndio uvumilivu.

Ganzi hiyo ina anwani, na anwani yake husomwa katika vidole. Mshipa mmoja wa fahamu hushuka upande wa kidole cha mwisho, ukapita katika kijia chembamba chini ya kiganja, karibu na kifundo. Kijia hicho kimepewa jina la Guyon, tabibu mpasuaji wa Ufaransa aliyekieleza mwaka 1861. Mshipa huo ukibanwa, hufa ganzi kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Mshipa mwingine hupita katikati ya kifundo. Huo ukibanwa, hulalamika gumba, kidole cha shahada, cha kati na ile nusu iliyobaki ya kidole cha pete. Mara nyingi wa kwanza hubanwa na uzito ulioangukia kitako cha kiganja, na wa pili hubanwa kifundo kinapopindwa nyuma kwa muda mrefu. Mitikisiko ya njia huzidisha yote mawili.

Kisiwani Pemba palikuwa na mshonaji wa kofia za viua, mtu mzima, aliyezoea kupeleka kazi zake mjini kwa baiskeli. Pemba ni nchi ya vilima. Kila mteremko ulimsukuma mbele, naye akaushika usukani na breki kwa nguvu zake zote. Kwanza kilikufa ganzi kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, naye hakujali, kwani sindano haishikwi kwa kidole hicho. Baada ya miezi kadhaa sindano ikaanza kumponyoka. Alidhani ni uzee. Hakujua kwamba mshipa uleule unaokipa kidole cha mwisho hisia zake ndio unaoamrisha misuli ya kubana kitu baina ya gumba na kidole cha shahada. Tundu la kofia ya viua ni dogo kuliko punje ya mchele, na kofia moja huchukua wiki nyingi za kazi. Mkono usiobana sindano hauwezi kuimaliza.

Dawa ya kwanza aliyopewa ilikuwa mishikio minene ya mpira. Ya pili ilikuwa sponji, iliyozungushwa mpaka usukani ukawa mnene kama mchi. Mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu sponji laini hubonyea mpaka chuma kikaonekana tena na kiganja, na mshikio mnene kupita kiasi huwalazimisha vidole kukaza zaidi ili visiteleze. Fundi wa tatu, kijana, hakugusa usukani. Aliiegemeza baiskeli ukutani.

“Mzee, hebu panda nikutazame.”

“Tatizo ni mkono, mwanangu, si kiti.”

“Mkono ndio unaolia, mzee. Anayeupiga ni kiti.”

Pua ya kiti ilikuwa imeinama. Kila alipokaa, mwili uliteleza mbele kidogo kidogo, na mikono ikafanya kazi ya kuuzuia usianguke. Fundi akakilaza kiti sawasawa, akakisogeza nyuma kwa upana wa kidole kimoja. Kisha akalegeza bolti iliyo juu ya shingo ya usukani, akaigonga kwa kipande cha ubao juu yake, akaupandisha usukani kwa upana wa vidole vitatu, bila ya kuivuka alama iliyochorwa katika bomba, kwani usukani uliopita alama hiyo huweza kuchomoka au kuvunjika njiani. Akazigeuza ncha zake mpaka mkono na kifundo vikawa katika mstari mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Mwisho akapunguza upepo wa tairi ya mbele, si sana, kiasi cha kuiwacha imeze changarawe badala ya kuzirukia.

Mishikio ilikuja baada ya yote hayo, na ilikuwa ya kawaida. Alichana kitambaa cha pamba, akakizungusha tabaka moja ili kinywe jasho. Juu yake akazungusha ukanda wa tyubu kuukuu, akianzia nchani na kuulaza kila mzunguko juu ya nusu ya uliotangulia, kisha akaufunga kwa uzi. Unene ukawa wa kujaza kiganja bila ya kukipanua.

Historia ya chombo hiki inampa haki kijana huyo. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim, Karl Drais alitoa mashine ya magurudumu mawili isiyo na pedali, iliyosukumwa kwa miguu chini. Mbele ya mpandaji aliweka ubao wenye mto wa kuegemeza mikono kuanzia kiwikoni, na mbali na ubao huo akaweka fimbo ya kugeuzia gurudumu. Cha kuegemea kilikuwa kimoja, cha kuongozea kingine. Waliofuata waliviunganisha viwili hivyo katika chuma kimoja, na tangu hapo kiganja kimebeba kazi mbili. Nafuu kubwa ilitoka mbali na mkono. Wazo la tairi ya upepo lilipewa hataza ya Robert Thomson katika miaka ya 1840, likasahauliwa, mpaka daktari wa wanyama John Boyd Dunlop alipolifufua mjini Belfast mwaka 1888. Upepo uliofungwa ndani ya mpira uliwapunguzia wapandaji mapigo ambayo mshikio peke yake hauwezi kuyazuia.

Wapenzi wa mashairi hawatashangazwa na jambo hili. Ubeti ukichechemea, sikio hulaumu kina, kwa kuwa kina ndicho kinachosikika mwisho. Mjuzi hurudi nyuma akahesabu mizani, akakuta kosa katikati ya mshororo. Mwili wa mpandaji nao una mizani yake. Kiti, mgongo, viwiko na upepo wa tairi vikishikilia sehemu zao, mkono hubaki na sehemu yake ndogo, nayo ni kuongoza. Hata glavu zenye mito hazibadili hesabu hiyo. Mto ukikaa juu ya kile kijia cha mshipa, huubana zaidi.

Mkono wa mshonaji haukupona kwa siku moja. Mshipa uliobanwa kwa muda mrefu hurudi polepole, na mwingine haurudi wote. Alijifunza kukunja viwiko kidogo, kulegeza vidole penye njia nzuri, kubadilisha mahali pa kushika, na kushuka juu ya kilima apumzike kabla ya mteremko. Alikwenda hospitali pia, na alifanya sawa, kwani ganzi isiyoondoka baada ya mtu kushuka, au vidole vinavyopungua nguvu, si jambo la fundi wa baiskeli tena. Huenda hata kisukari kimejificha humo. Sindano ilimrudia mkononi baada ya miezi.

Husemwa mvumilivu hula mbivu, na ni kweli. Lakini uvumilivu ni wa anayehisi maumivu, akayajua, akachagua kuyabeba. Mkono uliokufa ganzi hauvumilii kitu. Umenyamaza tu, na ukinyamaza, mwenyewe hana tena wa kumwambia kwamba kiti chake kimepinda.