Furu tu

Mjomba ameacha ziwa. Hakuaga mtu. Aliuza mashine ya mtumbwi, nyavu akawagawia vijana, makasia akayaweka darini. Nilipokwenda kisiwani Ukerewe kumjulia hali nilimkuta amekaa juu ya jabali nyuma ya nyumba, pale pale tulipokuwa tukivua kwa ndoano utotoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa. Kaa. Hilo jiwe ni lako."

Nikakaa. Nilimuuliza kwa nini ameacha kazi aliyoifanya miaka zaidi ya arobaini. Akacheka kwa pua. "Samaki anamlipa mwenye petroli. Anamlipa mwenye barafu. Mimi nalipwa na nani?"

Jabali lile lilinikumbusha furu. Nimezaliwa 1975, kwa hiyo niliwahi mwisho wao. Furu alikuwa samaki wa watoto. Unachimba nyungunyungu kwenye migomba, unafunga ndoano kwenye uzi wowote, unaishusha katikati ya mawe, na kabla hujakaa vizuri uzi umeshavutwa. Anatoka mmoja mwekundu mgongoni kama amepakwa rangi, anafuata wa buluu mwenye milia, mwingine wa manjano, mwingine mweusi kama masizi ya sufuria. Wote tuliwaita furu. Bibi alikuwa akiwapasua tumbo na kuwaanika juu ya jabali, na siku mbili za jua zilitosha. Sikumbuki hata siku moja aliyotafuta kuni kwa ajili ya furu.

Nilishakuwa mtu mzima nilipojua kwamba wale furu walikuwa aina zaidi ya 500, na kwamba karibu zote hazikupatikana mahali pengine popote duniani. Ziwa Victoria lilikauka kabisa kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Humo ndimo walimogawana kazi. Huyu akakwangua mwani kwenye mawe, yule akavunja konokono kwa meno ya kooni, mwingine akaishi kwa kubandua magamba ya wenzake. Wapo hata waliomvizia mama mwenye watoto mdomoni ili wamtemeshe na kuwala, maana furu jike hulea mayai na watoto ndani ya kinywa. Kwa mahesabu ya maumbile, miaka 15,000 ni kufumba na kufumbua. Sisi tuliokuwa tunawala tulikuwa na neno moja tu kwa wote. Wataalamu nao, kwa muda mrefu, walikuwa na lao: samaki taka.

Neno hilo ndilo lililowaua, au tuseme liliwafungulia mlango wauaji. Katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, maofisa wa uvuvi walitazama ziwa lililojaa visamaki vya mifupa mingi wakaona mali imelala. Wakapendekeza aletwe sangara kutoka Ziwa Albert, awale furu na kuwageuza kuwa nyama ya kuuzika. Geoffrey Fryer, mtafiti wa samaki, aliandika mwaka 1960 kuonya kwamba jambo hilo lisifanywe. Hakusikilizwa. Sangara alikwisha kutiwa ziwani kimyakimya, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akatiwa rasmi. Wala hilo halikuwa onyo la kwanza. Michael Graham aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928 alishaona nyavu za kisasa zinammaliza ngege, akashauri jicho la wavu lisipungue inchi 5. Ziwa hili limeonywa kuliko mtoto mtukutu.

Kuwageuza furu kuwa nyama ya kuuzika. Kila ninaposikia wakubwa wakitangaza kwamba uchumi umekua, nayakumbuka maneno hayo, kwa sababu sangara hakuongeza kitu ziwani. Kila kilo yake ilikuwa kilo nyingi za furu waliokwisha kuliwa.

Lakini sitaki kudanganya: mimi nimesomeshwa na sangara. Walipofurika kwetu katika miaka ya 1980, mjomba alivua mmoja aliyebebwa na watu wawili kwa mti begani, mkia ukiburuta mchangani. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye samaki wa namna hiyo, na bati la nyumba, na redio. Atakayemwambia mjomba kwamba bora tungebaki na furu wetu, kwanza amrudishie bati.

Bibi peke yake ndiye ambaye hakumpenda sangara. Alisema ana mafuta kama nguruwe na haanikiki. Ni kweli. Sangara hakaushwi kwa jua. Anataka moshi, na moshi unataka kuni. Furu aliyekauka bure juani akaondoka, akaja samaki anayekula miti. Vilima vya visiwa vikaanza kunyolewa. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaota Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukabaki na mapanki, kichwa na mifupa iliyokwanguliwa. Nimekula mapanki ya kukaanga nikiwa mwanafunzi mjini, na yalikuwa matamu. Nililipia mifupa ya samaki aliyevuliwa kwetu na sikuona ajabu yoyote.

Inakadiriwa kwamba aina kama 200 za furu zilitoweka katika miaka michache baada ya sangara kufurika. Watafiti Waholanzi waliokuwa Mwanza tangu 1977 walikuja kuwasoma wakajikuta wanahesabu matanga. Walichokusanya kimehifadhiwa huko kwao Leiden ndani ya chupa, na dawa ya kuhifadhia hufuta rangi, kwa hiyo yule mwekundu na yule wa buluu wote sasa ni wa rangi ya chai iliyopoa. Mmoja waliyemwelezea mwaka 1985, mwenye mgongo mwekundu, walimpa jina la Mwalimu: nyererei. Ukoo wake leo unaitwa Pundamilia, Kiswahili kitupu katika vitabu vya sayansi. Huyo bado yupo kwenye miamba michache ya Mwanza, na yupo pia katika matangi ya vioo sebuleni kwa watu, Ulaya na Marekani. Kuna ndugu zake ambao wamebaki matangini tu, ziwani hawapo tena.

Si sangara peke yake aliyewamaliza. Udongo wa mashamba, mbolea, moshi wa misitu inayochomwa na majitaka ya Kisumu, Kampala na Mwanza vyote huishia majini. Mwani ukashiba ukanenepa, maji yakafunga giza. Na furu jike huchagua mume kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakiwa machafu majike hawatofautishi tena, wanaoana ovyo, na aina mbili zinayeyuka kuwa moja ya kijivu. Hawakuliwa hao. Walikosa kuonana tu.

Juu ya yote hayo, hali ya hewa yenyewe. Maji yakipata joto juu hayachanganyiki vizuri na ya chini, na kule kilindini hewa inapungua. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu yake lenyewe, kwa hiyo mbingu zikibadili tabia ziwa halina pa kukimbilia. Mwaka 2006 mitumbwi ilikwama kwenye tope; mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kilele kilichokuwa kikisimuliwa tangu 1964, na maji yakaja hadi kizingiti cha jiko la mjomba. Alihamisha mafiga hatua kumi, akaendelea.

Sasa sangara naye amekonda. Sheria inataka avuliwe asiyepungua sentimita 50, na mwaloni unaona wa kiganja. Wanaofika hupasuliwa kwanza kutoa bondo, kile kifuko cha hewa kinachosafirishwa hadi China, ambacho kwa kilo kina bei kuliko mnofu. Nilimtazama mnunuzi asubuhi niliyofika akiinua bondo juani, akilikagua kama noti anayoihisi ni bandia, huku samaki mwenyewe amelala chini na nzi. Kwa uzito, kinachovuliwa zaidi ziwani siku hizi ni dagaa. Tumeshuka ngazi hadi kwa mdogo kabisa, na bado takwimu za mauzo zinasomwa kwa sauti ya furaha. Mwenye duka akiuza bidhaa, kisha rafu, kisha mlango, daftari lake la mapato litapendeza mpaka siku ya mlango.

Jioni mjukuu wa mjomba alikuja na ndoano. Sangara walipopungua, baadhi ya furu walirudi, si wote, na si wale wale. Mtoto akashusha uzi, akangoja sana, kuliko tulivyowahi kungoja sisi. Akavuta. Alikuwa mdogo, wa kijivujivu, na mashavu yamevimba. Alipotiwa kwenye ndoo akatema, na maji yakajaa vitoto kama mbegu za nyanya, vina macho.

"Babu, huyu ni furu gani?"

Mjomba aliinama juu ya ndoo kwa muda mrefu. Nilijua anatafuta jina, na nilijua hana, kama mimi.

"Furu tu," akasema.

Mtoto akaishika ndoo kwa mikono miwili, akateremka nayo hadi maji yalipomfika magotini, akasimama hapo akingoja mama akusanye watoto wake.