Majibu Yaliyowahi Mvua

Mimi ni mtu wa maabara ya mimea. Kazi yangu kubwa kwa miaka mingi imekuwa muhogo na magonjwa yake, na ninachoshuhudia hapa ni namna kazi hiyo ilivyogeuka siku tulipoanza kusoma wenyewe vinasaba vya virusi, hapa hapa nchini. Nashuhudia pia habari ya fedha, kwa sababu wageni wanaopita maabara na kukiona kifaa kile kidogo mezani hudhani ni ujanja wa kampuni fulani tu. Kabla kampuni haijakigusa, walipa kodi walikuwa wamekwisha kukigharamia kwa miaka mingi, bila kuahidiwa kitu.

Muhogo una magonjwa mawili makubwa ya virusi. Batobato huonekana kwa macho: jani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia ndiyo yenye hila. Mti unaweza kusimama na majani mazuri, mkulima akaupalilia msimu mzima, akaja kung'oa na kukuta ndani mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Ugonjwa huu si mgeni: H. H. Storey, wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliuelezea kitaalamu mwaka 1936. Nzi weupe huueneza, lakini msambazaji mkubwa ni sisi wenyewe, kwani muhogo hupandwa kwa pingili. Ukikata pingili kwenye shina lenye ugonjwa, umeupanda ugonjwa.

Ndiyo maana nayakumbuka maneno ya mama mmoja wa Mkuranga. Nilifika kwake na bahasha ya majibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mlichuma majani yangu, mkasema mtarudi na majibu."

"Ndiyo haya, mama."

"Sasa ya nini? Mvua imeshanyesha, mimi nimeshapanda."

Alikuwa amepanda pingili za shamba lile lile tulilolipima, na majibu yalisema shamba lina virusi. Angefanyaje? Mvua haimsubiri mtu wa maabara. Sampuli zilikuwa zimekaushwa, zikapakiwa katikati ya karatasi, zikasafirishwa ng'ambo, zikapanga foleni nyuma ya sampuli za watu wengine, kisha majibu yakarudi kwa barua pepe. Kila aliyezishika alifanya kazi yake vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba mashine za kusoma vinasaba zilikuwa ghali na kubwa, na zilikaa mbali.

Tulikuwa na PCR, naam, na hadi leo tunaitumia. Ila PCR hutafuta kile tu ulichoituma ikitafute. Unaipa vipande vifupi vya vinasaba vinavyolingana na kirusi unachokishuku. Kirusi kikiwa kimebadilika mahali pale pale, kipimo kinasema hakuna kitu, na muhogo unaendelea kuoza. Virusi vya michirizi ya kahawia vina aina mbili zinazojulikana, na ndani ya kila aina vinatofautiana sana. Kusoma mfuatano wa vinasaba hakukulazimu ubashiri kwanza. Unasoma kilichomo, halafu unauliza ni nini.

Sasa kifaa chenyewe. Kinaenea kiganjani, kina uzito wa takriban gramu 100, na huchomekwa kwenye kompyuta ya mkononi. Ndani yake mna chipu yenye utando wenye matundu ya protini, madogo kiasi kwamba uzi mmoja tu wa vinasaba ndio unaoweza kupenya. Umeme kidogo hupitishwa kwenye matundu hayo, na uzi unapopita, kila kundi la herufi za vinasaba huuzuia umeme kwa kiwango chake. Kompyuta husoma kupanda na kushuka kwa umeme huo na kuandika herufi. Unaona zikijaa kwenye kioo ukiwa umekaa hapo hapo.

Wazo hilo lilimjia David Deamer wa California mwaka 1989. Mwaka 1996 yeye na wenzake, akiwemo Daniel Branton wa Harvard na John Kasianowicz wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, walichapisha ushahidi kwamba uzi wa vinasaba unaweza kupenyezwa kwenye tundu la protini. Watumiaji wa kwanza walikipata kifaa mwaka 2014. Hesabu mwenyewe: ni miaka 25. Mfanyabiashara gani angengoja hivyo?

Aliyengoja ni umma. Mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote, ulioanza 1990 na kukamilika 2003, uliwagharimu walipa kodi wa Marekani takriban dola bilioni 2.7. Wengi wangesema kazi imekwisha, tufunge daftari. Taasisi ya taifa ya utafiti wa jenomu ya nchi hiyo ikafanya kinyume: mwaka 2004 ilianza kutoa ruzuku, awamu ya kwanza zaidi ya dola milioni 38, si kwa ajili ya kusoma jenomu nyingine, bali kutengeneza njia za kuisoma kwa bei ndogo. Shabaha ilitajwa wazi: jenomu ya binadamu ishuke hadi dola 100,000, kisha hadi dola 1,000. Kwa hesabu za taasisi hiyo, bei ilikuwa takriban dola milioni 95 mwaka 2001. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa chini ya dola 1,500.

Na si kila aliyepewa ruzuku alifika. Kampuni ya 454, iliyosoma jenomu ya James Watson, teknolojia yake imekwisha kuachwa. Helicos ilifilisika mwaka 2012. Mkaguzi mwenye haraka angeandika kuwa fedha zilipotea. Mimi nasema vikundi vingi vilijaribiwa ili vichache vifaulu, kwa kuwa hakuna aliyejua mapema ni kipi kitakachofaulu.

Matunda yake tumeyaona huku kwetu. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walisoma jenomu za virusi vya korona tangu 2020. Wataalamu wa Kongo walisoma za Ebola katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020. Mwaka 2019 watafiti walichapisha kazi iliyofanyika kwenye mashamba ya mihogo ya Tanzania, Uganda na Kenya kwa vifaa vinavyotumia betri, na virusi vikatambuliwa kwa saa chache.

Kwangu mimi mabadiliko ni kwamba sasa tunafika kijijini kabla ya vuli. Mkulima anaambiwa "shamba hili usikate mbegu, kakate kwa jirani yule," na bado ana muda wa kwenda kuomba. Wengine wanatuamini, wengine hawana jirani wa kuwapa, lakini angalau neno limefika wakati linaweza kufanya kazi.

Uchungu upo pia. Chipu zinataka baridi, zina tarehe ya mwisho, na tunazinunua kwa dola. Shehena ikikwama bandarini au uwanja wa ndege, kinachoharibika ni chetu. Walipa kodi wa mbali walituletea kifaa; hawakutuletea uwezo wa kukitengeneza.

Kwa hiyo kwenye vikao vya bajeti siombi tena vitendanishi vya maabara pekee. Naomba fedha za vijana wanaojaribu kutengeneza vitendanishi hapa nchini, na naomba wasidaiwe matokeo ifikapo Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa. Naulizwa kama nchi yetu ina uwezo wa kucheza kamari hiyo. Najibu kwamba mama wa Mkuranga hulipa kodi kila anaponunua sabuni na vocha ya simu, na hasara ya majibu yaliyochelewa huibeba peke yake. Sehemu ndogo ya kodi yake ikitumika kutafuta njia ya haraka zaidi, hata tukikosea mara kadhaa, atakuwa amepata cha kudai.