Saratani ya Damu na Kidonge cha Kila Siku

Ndugu zangu wanafunzi, napenda kuwaeleza maradhi ambayo yamekaa nyumbani kwetu miaka minane sasa. Mjomba wangu ana saratani ya damu, ile aina ya polepole iitwayo lukemia sugu ya mailoidi. Mtaani kwetu mtu akisikia saratani husema, "Basi tena." Lakini mjomba hufungua duka lake kila asubuhi, na sababu yake inafaa tuijue.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo uboho hutoa mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde. Kazi hiyo ina kipimo chake. Mwili ukihitaji damu, chembe hupata amri ya kugawanyika, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Haja ikiisha, amri hukoma. Katika maradhi ya mjomba amri haikomi. Chembe nyeupe huzidi mno, wengu huvimba, na mgonjwa hukonda na kuchoka.

Je, chanzo chake kilijulikanaje? Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford walitazama kwa darubini chembe za wagonjwa wa aina hii, wakaona kromosomu moja ni fupi kuliko kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akabaini kuwa kipande kile hakikupotea. Kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimekatika na kubadilishana vipande. Baadaye ikajulikana kwamba pale zilipoungana huzaliwa jeni mpya, nayo hutengeneza kimeng'enya kinachoamrisha chembe zigawanyike bila kikomo. Ni mfano wa swichi iliyokwama, taa haizimiki.

Mwaka 1998 Daktari Brian Druker wa Oregon na wenzake walianza kuwajaribu wagonjwa kwa imatinibu, dawa inayoziba kimeng'enya hicho. Kati ya wagonjwa 54 waliotumia miligramu 300 au zaidi kwa siku, hesabu ya damu ya 53 ilirudi kawaida. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Mei 2001. Zamani wengi waliishi miaka 3 hadi 5 tu baada ya kugunduliwa. Katika utafiti mkubwa uliofuata, wagonjwa 83 katika kila 100 walioanzishiwa imatinibu walikuwa hai baada ya miaka 10.

Mwaka jana mjomba alisema, "Mwanangu, mimi nimepona. Vidonge vya nini tena?" Mama aliingiwa na hofu. Nikamwambia, "Mjomba, swichi bado imekwama. Kidonge ndicho kinachoizuia." Akanyamaza kidogo, kisha akaomba maji ameze. Wapo wanaosimamishiwa dawa, lakini ni kwa amri ya daktari, baada ya miaka ya matibabu na vipimo vizuri, na huendelea kupimwa.

Ndugu zangu, ikiwa nyumbani kwenu yupo mgonjwa wa namna hii, mkumbusheni kidonge chake kila siku, hata anapojiona mzima. Na nyinyi mnaopenda sayansi, someni kwa bidii. Kutoka darubini ya mwaka 1960 hadi kidonge cha mwaka 2001 ilipita miaka 41, na kila aliyetangulia alimwachia mwenzake pa kuanzia.